Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: amri za kugawa diski kwenye Linux zinapogoma

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kwa watu wanaogawa diski kwa `fdisk`, `parted` na ndugu zake. Mifano yote inatumia `/dev/sdb`. Kwako jina linaweza kuwa jingine, kwa hiyo usinakili amri yoyote kabla hujasoma swali la 2. Ujumbe wa Kiingereza nimeuacha ulivyo ili uulinganishe na ule ulio kwenye skrini yako. Usome mpaka mwisho kabla ya kubonyeza kitu, kwa sababu mara nyingi amri inapogoma inakuwa inazilinda data zako, na madhara huja pale mtu anapoilazimisha.

## Kabla hujagusa diski

1. Naandika `fdisk -l`, naambiwa "command not found" au "Permission denied". Kuna kilichoharibika?

Hapana. Kusoma na kuandika diski moja kwa moja ni kazi ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, kwa hiyo andika `sudo fdisk -l`. Kwenye Debian kuna kikwazo cha ziada: `fdisk` inakaa ndani ya `/sbin`, folda ambayo mtumiaji wa kawaida haitafuti anapoandika amri. Tangu Debian 10, ukiingia root kwa `su` tupu, njia ya kutafutia amri inabaki ile ya mtumiaji wa kawaida. Andika `su -`, pamoja na kile kistari, na amri itaonekana.

Kama unataka kutazama tu, `lsblk` inatosha na haihitaji root.

2. Nitajuaje diski yangu ni ipi kati ya zote hizi?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote hapa. Andika:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN,FSTYPE,LABEL,MOUNTPOINT`

Safu ya MODEL inataja aina ya diski, TRAN inaonyesha kama imeunganishwa kwa `usb`, `sata` au `nvme`, na MOUNTPOINT inaonyesha mahali ilipopachikwa, yaani folda iliyounganishwa nayo. Diski yenye `/` au `/boot/efi` kwenye safu hiyo ya mwisho ndiyo inayoendesha kompyuta yako. Usiiguse. Kama bado una shaka, chomoa flashi, andika `lsblk`, ichomeke tena, andika tena. Jina lililoongezeka ndilo lako.

Diski za SATA na za USB huitwa `sda`, `sdb`, na patisheni zake, yaani vipande vya diski iliyogawiwa, `sdb1`, `sdb2`. Za NVMe huitwa `nvme0n1`, na patisheni zake zina herufi p katikati: `nvme0n1p1`. Kadi za kumbukumbu ni `mmcblk0` na `mmcblk0p1`. Majina haya si ya kudumu: diski iliyokuwa `sdb` leo inaweza kuwa `sdc` kesho baada ya kuwasha upya. Rudia `lsblk` kila unapoketi kufanya kazi, hata kama ulifanya jana.

3. Diski imeandikwa GB 500 lakini `lsblk` inasema 465.8G. Nimepunjwa?

Hujapunjwa. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, wakati G ya `lsblk`, ambayo kwa ukamilifu huandikwa GiB, ni baiti 1,073,741,824. Ni diski ileile kwa vipimo viwili.

Ukishafomati kwa ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida wa Linux, `df` (amri ya kuonyesha nafasi iliyobaki) itaonyesha nafasi pungufu zaidi, kwa sababu ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root. Kwenye diski ya kuhifadhi picha na video tu unaweza kuipunguza kwa `sudo tune2fs -m 1 /dev/sdb1`. Kwenye patisheni ya mfumo iache ilivyo, maana ndiyo inayokuwezesha kuingia na kufuta vitu diski inapojaa.

Flashi inayodai TB 1 kwa bei ya kutupa ni habari nyingine kabisa. Hizo hubadilishwa programu ya ndani zidai ukubwa zisiokuwa nao, na `fdisk` itaamini. Sakinisha kifurushi cha `f3`, jaza flashi kwa `f3write`, kisha isome kwa `f3read`. Kama kilichosomwa hakifanani na kilichoandikwa, flashi ni feki na hakuna amri ya kuiponya.

4. Nichukue akiba gani kabla ya kuanza?

Nakili data kwanza, kwenye diski nyingine. Kisha hifadhi jedwali la patisheni, yaani orodha inayosema kila patisheni inaanzia wapi na kuishia wapi:

`sudo sfdisk -d /dev/sdb > jedwali-sdb.txt`

Ni faili dogo la maandishi. Lipige picha kwa simu au lihifadhi popote isipokuwa kwenye diski hiyohiyo. Mambo yakiharibika, `sudo sfdisk /dev/sdb < jedwali-sdb.txt` inarudisha mipaka ilivyokuwa. Haliokoi data zilizokwisha kufunikwa na nyingine, lakini limewaondolea wengi kazi ya swali la 17.

5. `fdisk`, `parted` au GParted: nitumie ipi?

Tofauti ya kushika ni hii: `fdisk` haiandiki chochote mpaka ubonyeze `w`, na ukibonyeza `q` unatoka bila kuacha alama. `parted` inatekeleza kila amri papo hapo ukibonyeza Enter. Ukizoea moja kisha ukahamia nyingine bila kukumbuka hili, utaumia. Kwa anayejifunza, napendekeza `fdisk` bila kusita. Kabla ya `w`, bonyeza `p` uone jedwali jipya, ulisome mstari kwa mstari.

Ushauri wa zamani kwamba `fdisk` haijui GPT, aina mpya ya jedwali la patisheni, umepitwa na wakati. Matoleo ya miaka mingi sasa yanaijua.

GParted, yenye madirisha, inafaa zaidi unapotaka kupunguza au kusogeza patisheni yenye data, kwa sababu inashughulikia mfumo wa mafaili na mpaka kwa pamoja. Kusogeza ni kunakili kila kitu kwenda mahali pengine na huweza kuchukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati, patisheni inabaki nusu huku nusu kule. Tumia kompyuta mpakato yenye chaji, au UPS, au subiri siku ambayo umeme unaaminika.

## Jedwali la patisheni

6. Nichague MBR au GPT?

GPT, isipokuwa una sababu maalumu. MBR, aina ya zamani ya jedwali ambayo `fdisk` huiita `dos`, ina patisheni kuu nne tu, na kwa sekta (vipande vidogo vya kuhesabia diski) za baiti 512 haifiki mbali zaidi ya TiB 2. Ukiwa na diski ya TB 4 ukaigawa kwa MBR, karibu nusu yake haitatumika. GPT kwa kawaida ina nafasi ya patisheni 128 na huweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski.

Kama uko kwenye MBR na `fdisk` inagoma kuongeza ya tano ("To create more partitions, first replace a primary with an extended partition"), inabidi moja ya zile nne iwe ya aina ya extended, na ndani yake uunde nyingine. Hizo huanzia namba 5 hata kama namba za kati hazitumiki.

Sababu maalumu iliyo ya kweli ni kompyuta ya zamani ya BIOS. Ukitumia GPT hapo, GRUB, programu inayoiwasha Linux, inahitaji kapatisheni ka MiB 1 ka aina ya "BIOS boot". Bila hako utaona "this GPT partition label contains no BIOS Boot Partition, embedding won't be possible".

7. Nimebonyeza `w`, nikapata "Re-reading the partition table failed.: Device or resource busy". Imeandika au haijaandika?

Imeandika. Jedwali jipya liko kwenye diski, lakini kerneli, yaani kiini cha Linux, bado inatumia la zamani kwa sababu kuna kitu kimeishikilia diski. Usifomati chochote katika hali hii. `mkfs`, amri ya kufomati, itafuata mipaka ya zamani aliyoishika kerneli, na utaandika mahali usipokusudia.

Tafuta kinachoshikilia. `lsblk` itaonyesha kama kuna patisheni iliyopachikwa, na `swapon --show` itaonyesha kama kuna swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) inayotumika, ambayo unaizima kwa `sudo swapoff /dev/sdb2`. LVM na RAID (njia za kuunganisha au kugawa diski kadhaa kwa pamoja) nazo hushikilia diski kimyakimya, nazo utaziona chini ya diski kwenye `lsblk`. Ukishaachilia, andika `sudo partprobe /dev/sdb`, au `sudo partx -u /dev/sdb`, kisha hakikisha kwa `lsblk` kuwa ukubwa mpya umeonekana. Kama ni diski ya mfumo wenyewe na haikubali, washa upya kompyuta.

Isipokuwa kama umegundua kuwa ulichoandika ni makosa. Hapo usizime wala usiwashe upya, nenda swali la 17.

8. "GPT PMBR size mismatch" au "The primary GPT table is corrupt, but the backup appears OK". Data zimekwenda?

Kwa kawaida hazijakwenda. Ujumbe wa kwanza huja baada ya kunakili diski ndogo kwenda kubwa, au kuikuza diski ya mashine pepe: nakala ya jedwali iliyokuwa mwishoni sasa iko katikati. `sudo sgdisk -e /dev/sdb` inaipeleka mwisho mpya. `parted` nayo itakuuliza Fix/Ignore, na jibu ni Fix.

Ujumbe wa pili unamaanisha jedwali la mwanzo limeguswa na kitu. Fungua `fdisk`, bonyeza `p`, na kama patisheni zinazoonekana ni zako kweli, `w` itaandika upya yote mawili.

Kuna mtego mmoja hapa. Baadhi ya makasha ya USB huiwasilisha diski kwa sekta za baiti 4096. Diski iliyogawiwa ndani ya kasha kama hilo, ukiitoa na kuichomeka kwenye SATA inayosoma sekta za 512, itaonekana haina jedwali kabisa. Angalia kwa `sudo blockdev --getss /dev/sdb` katika hali zote mbili. Kama namba zinatofautiana, irudishe kwenye kasha lake na data zitaonekana. Usiandike jedwali jipya.

9. `parted` inalalamika "The resulting partition is not properly aligned for best performance".

Mara nyingi umeanza kwenye 0. Anza kwenye MiB 1, yaani sekta ya 2048:

`sudo parted /dev/sdb mkpart data ext4 1MiB 100%`

Ukiona lalamiko hilihili likiwa na hesabu ya `2048s % 65535s != 0s`, tatizo ni kasha la USB linalotoa taarifa isiyo sahihi kuhusu kipimo chake. MiB 1 bado ni mwanzo sahihi, jibu Ignore.

Na hiyo `ext4` ndani ya amri haifomati chochote. Inaweka alama ya aina tu, `mkfs` bado inakusubiri.

10. Nilichoma ISO ya Linux kwenye flashi, sasa flashi inaonekana ndogo na `parted` inasema "The driver descriptor says the physical block size is 2048 bytes".

ISO, faili lenye nakala kamili ya CD, imeacha alama zake, na programu zinadhani flashi yako ni CD. Thibitisha jina (swali la 2), hakikisha huihitaji ISO tena, kisha `sudo wipefs -a /dev/sdb`. Chomoa, chomeka, unda jedwali jipya.

## Kufomati na kupachika

11. `mkfs` inasema "is mounted, will not make a filesystem here!" na mimi sijapachika kitu.

Mazingira yako ya madirisha yamekupachikia. Flashi ikichomekwa, kompyuta nyingi huipachika zenyewe, yaani huiunganisha na folda. Ipachue kwa `sudo umount /dev/sdb1`. Usibonyeze kitufe cha "ondoa kwa usalama" kwenye kidhibiti cha mafaili, maana mara nyingi hicho huiondoa diski nzima na `/dev/sdb` inatoweka.

Ujumbe wa "apparently in use by the system" bila kupachikwa popote huashiria LVM, RAID au swap, kama katika swali la 7. Usiongeze `-F` kulazimisha. Na kama `mkfs` inasema "Found a gpt partition table in /dev/sdb", umesahau namba: umeandika `/dev/sdb` badala ya `/dev/sdb1`. Jibu `N`.

12. `umount` inasema "target is busy".

Kuna programu iliyofungua faili humo, au teminali yako mwenyewe imesimama ndani ya folda hiyo. Andika `cd ~` ujaribu tena. Ikigoma, `sudo fuser -vm /mnt/data` itakutajia programu na namba yake. Ifunge kwa utaratibu.

13. `fdisk` inasema "Read-only file system" nikitaka kubadili flashi.

Kadi za SD zina kiswichi kidogo pembeni, kitazame kwanza. Kama hakipo au kiko wazi, `sudo blockdev --getro /dev/sdb` ikitoa 1 inamaanisha kifaa chenyewe kimejifunga. Flashi nyingi hufanya hivyo zinapokaribia kufa. Nakili vilivyomo upesi na ununue nyingine.

14. Patisheni ya Windows inakataa: "The disk contains an unclean file system (0, 0). Metadata kept in Windows cache, refused to mount."

Windows haikuzimwa kweli, ililala. Rudi Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, kisha `shutdown /s /t 0`. Hapo Linux itaipachika bila ubishi. Njia ya kupachika kwa chaguo la `remove_hiberfile` inafuta kazi iliyoachwa wazi ndani ya Windows, kwa hiyo iwe ya mwisho. Kama patisheni imefungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, punguza ukubwa wake ukiwa ndani ya Windows, na uwe na ufunguo wa uokoaji mkononi kabla hujaanza.

15. Nimehariri `/etc/fstab`, sasa kompyuta inawaka mpaka "You are in emergency mode".

`/etc/fstab` ni orodha ya diski za kupachika kompyuta inapowaka. Kabla ya hapo uliona inasubiri kwa dakika moja na nusu. Inatafuta diski ambayo UUID yake, yaani namba ya utambulisho, haipo, mara nyingi kwa sababu patisheni ilifomatiwa upya ikapata UUID mpya. Weka nenosiri la root, andika `mount -o remount,rw /`, fungua `nano /etc/fstab`, na uweke `#` mwanzoni mwa mstari uliouongeza. Washa upya.

Ukiambiwa akaunti ya root imefungwa, jambo la kawaida kwenye Ubuntu, waka kwa flashi ya usakinishaji, pachika patisheni ya mfumo, na uhariri `etc/fstab` iliyo ndani yake.

Ili lisijirudie, chukua UUID kwa `sudo blkid`, ongeza `nofail` kwa diski yoyote isiyo ya lazima, na kabla ya kuzima endesha `sudo findmnt --verify`.

## Kuongeza na kupunguza

16. Nimekuza diski ya mashine pepe kutoka GB 20 hadi 50, mbona `df` bado inasema 20? Na nikitaka kupunguza?

Kuna tabaka tatu, na umekuza moja tu. Diski imekua, patisheni bado, mfumo wa mafaili bado. Kuza patisheni kwa `sudo growpart /dev/sda 2`, ukiacha nafasi kati ya diski na namba. Kisha kuza mfumo wa mafaili: `sudo resize2fs /dev/sda2` kwa ext4, au `sudo xfs_growfs /` kwa XFS, mfumo mwingine wa mafaili. Zote hufanyika mfumo ukiwa kazini. Ukiruka hatua ya kwanza, `resize2fs` itakujibu "Nothing to do!". Ukipata `NOCHANGE` kutoka kwa `growpart`, kuna patisheni nyingine nyuma yake inayoziba njia, mara nyingi ni ya swap.

Kwenye LVM hatua zinaongezeka: baada ya `growpart`, andika `sudo pvresize /dev/sda3`, halafu `sudo lvextend -r -l +100%FREE` ikifuatiwa na jina la volyumu lako. Kwa seva ya Ubuntu iliyosakinishwa kwa chaguo la kawaida la LVM, jaribu hiyo ya mwisho hata kabla ya kununua diski, kwa sababu kisakinishi huacha sehemu ya nafasi bila kuigawa.

Kupunguza kunakwenda kinyume: mfumo wa mafaili kwanza, mpaka baadaye. Ukianza na mpaka, umekata mkia wa data. Kwa ext4: pachua, `sudo e2fsck -f /dev/sdb1`, `sudo resize2fs /dev/sdb1 80G`, kisha punguza patisheni ukiiacha kubwa kidogo kuliko hapo, tuseme GiB 85, na mwisho `resize2fs` tena bila namba ili ijaze pengo. Ukitumia `resizepart` ya `parted`, namba unayotoa ni mahali patisheni inapoishia, si ukubwa wake. XFS haipunguzwi hivi: nakili data, unda upya.

## Yakishaharibika

17. Nimefuta patisheni nisiyokusudia. Nifanyeje?

Kama hujabonyeza `w`, bonyeza `q`, na mambo yameisha. Kama umebonyeza, usifomati, usinakili chochote humo, usizime kompyuta. Kung'oa vigingi vya mpaka hakung'oi mahindi shambani: data bado ziko palepale, kilichopotea ni namba za mwanzo na mwisho.

Una faili la swali la 4? Lirudishe. Huna? Kama patisheni ilikuwa imepachikwa wakati unaifuta, huenda kerneli bado inakumbuka:

`cat /sys/block/sdb/sdb2/start`
`cat /sys/block/sdb/sdb2/size`

Andika namba hizo kwenye karatasi. Tuseme mwanzo ni 1050624 na ukubwa ni 204800000. Sekta ya mwisho ni jumla yake ukitoa moja, yaani 205850623. Rudi `fdisk`, bonyeza `n`, toa namba ileile ya patisheni, mwanzo uleule, mwisho uleule. Hapo `fdisk` itakuambia imeona alama ya ext4 na kuuliza:

`Do you want to remove the signature? [Y]es/[N]o:`

Jibu `N`. Wengi huharibu uokoaji hapa, kwa kubonyeza `Y` kwa mazoea. Kisha `p`, linganisha na karatasi yako, `w`.

Kama kerneli imeshasahau, tumia `testdisk`. Inachanganua diski nzima na kutafuta patisheni zilizopotea. Ikizipata, tumia herufi P kuorodhesha mafaili yaliyomo kabla ya kukubali kuandika. Ukiona majina ya mafaili yako, umefika.

18. Nilifomati diski isiyo yenyewe kwa `mkfs`.

Hii ni nzito kuliko swali la 17. Kwenye diski ya sahani, `photorec`, inayokuja pamoja na `testdisk`, inaweza kuokota picha na nyaraka, ingawa majina na folda vitakuwa vimepotea. Hifadhi unachookoa kwenye diski nyingine. Kwenye SSD matumaini ni finyu, kwa sababu `mkfs.ext4` kwa kawaida huiambia SSD iachilie nafasi yote kabla ya kuanza.

19. Amri zinachukua muda mrefu mno, na `dmesg` imejaa "I/O error, dev sdb, sector ...".

Acha kugawa. Badili kwanza waya wa USB au wa SATA na uchomeke kwenye tundu jingine, maana waya mbovu hutoa ujumbe uleule. Ujumbe huo ukiendelea kutokea, soma afya ya diski kwa `sudo smartctl -a /dev/sdb` na utazame mistari ya `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`. Namba zinazopanda kila ukiangalia ni diski inayokufa.

Hapo `fsck` na `testdisk` zinaichosha tu. Tafuta diski nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi, na unakili yote kwa `ddrescue`, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kurudi kwenye mbovu baadaye:

`sudo ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc uokoaji.map`

Inayotoka inatangulia, inayopokea inafuata, na kila kilichomo kwenye `/dev/sdc` kitafutwa, kwa hiyo rudi swali la 2 kabla ya kubonyeza Enter. Faili la `uokoaji.map` lihifadhi kwenye diski ya tatu. Umeme ukikatika, amri hiyohiyo itaendelea ilipoishia. Matengenezo mengine yote yafanye kwenye nakala.